Tai wa Marekani Kwenye Kona ya Athi

Ungemuuliza mtu yeyote pale Ikutha ni ndege gani anayekaa kwenye mgunga mkubwa wa kona ya Mto Athi, angekujibu bila hata kukohoa: tai wa Marekani. Watoto wa shule walijua hivyo. Kinyozi alijua hivyo. Hata muuza mitumba anayekuja siku za soko, ambaye hakuwahi kuuona mto wenyewe, alijua hivyo. Na wote hao walikuwa wamesomeshwa na mwalimu mmoja, Kisilu, dereva mstaafu wa greda, ambaye hakuwahi kuwa mwalimu na wala hakuwahi kufika Marekani.

Mambo yalianza na kitabu. Mwaka aliostaafu, Kisilu alikwenda mjini Wote kufuatilia karatasi zake, akazungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine mpaka maofisa wakaenda kula. Alipotoka nje kupunga hewa akamkuta mtu ametandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia. Kimoja kilikuwa cha ndege, picha za rangi na maelezo mafupi, jalada limeng'oka pamoja na kurasa za mwanzo. Akakichukua. Hizo kurasa zilizopotea ndizo zilizosema kwamba ndege wote waliomo ni wa Amerika, kwa hiyo Kisilu alikaa mwaka mzima kando ya Athi, na darubini aliyoletewa na bintiye Mbithe, akiwatafuta ndege wa Kitui ndani ya kitabu cha watu wa barafu. Kanga wa porini akawa bata mzinga aliyekonda. Hondohondo hakumpata kabisa, akaamua huyo ni ndege ambaye Wazungu bado hawajamgundua.

Kisha akafika ukurasa wa tai, na juu yake pameandikwa: tai wa Marekani. Kichwa cheupe pe. Mkia mweupe. Miguu ya njano. Anakaa karibu na maji, anakula samaki. Kisilu akainua darubini, akatazama juu ya mgunga. Kichwa cheupe pe. Mkia mweupe. Miguu ya njano. Kesi ikafungwa, na jioni ile ile Ikutha nzima ikajua.

Kusema kweli kesi haikufungwa. Yule wa kitabuni alikuwa mweupe kichwani na mkiani tu, mwili wote kahawia iliyokolea. Huyu wa Athi weupe ulimshuka mpaka kifuani kama mtoto aliyefungwa kitambaa cha uji, na tumbo lake lilikuwa jekundu kama matofali. Yule mdomo wake ulikuwa wa njano hadi kwenye ncha. Wa huyu ncha ilikuwa nyeusi. Tena kitabu kilisema tai wa Marekani ana kisauti chembamba, cha kumwaibisha mtu wa umbo lile. Huyu wa Athi akirudisha kichwa nyuma na kuita, mwito wake unavuka mto, unapanda kilima, unarudi. Siku moja askari wa wanyamapori alipita pale na pikipiki, akamkuta Kisilu na darubini yake, akamwambia waziwazi, "Mzee, huyo ni furukombe. Ni wa hapa hapa Kenya. Penye samaki yupo." Kisilu alimshukuru, akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akamsihi asije akalitamka neno hilo Ikutha. Wakati huo tai wa Marekani alikuwa amekwisha kuwa mkubwa kuliko Kisilu mwenyewe.

Siku ya soko moja, Kisilu alikuwa ameketi kwenye hoteli ya Irungu, mtu wa Murang'a aliyekuja Ikutha kuuza chai kwa mwezi mmoja akakaa miaka ishirini. Vikombe vilikuwa vimejaa, wasikilizaji pia.

"Si beberu mdogo," Kisilu alikuwa akisema. "Beberu wa ndevu. Ana kengele shingoni. Tai alimshika hivi, mgongoni, akampandisha. Kengele inalia huko juu mawinguni, ngiri ngiri ngiri. Watu wa ng'ambo, upande wa Makueni, wakavaa viatu wakaenda kanisani. Wakashangaa pasta yuko wapi."

"Na akamlia wapi?" Irungu aliuliza, akijua jibu, maana hadithi hiyo aliisikia kila mwezi.

"Ng'ambo. Yeye analala Kitui lakini chakula anakulia Makueni. Ni mambo ya ushuru wa kaunti hayo."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa Kaveke, jirani yake Kisilu, mjane mwenye mbuzi kumi na wanane na uso ambao haukupenda mzaha kwa mambo ya mbuzi. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Kisilu. Huyo ndege wako, ni mkubwa na ana weupe?"

"Mweupe kama mkate, mwaitu," alijibu, akimheshimu kama mama.

"Asante," Kaveke alisema. Akajitanda leso yake akatoka.

Kisilu alisikia yaliyofuata kesho yake adhuhuri, mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mkewe, Kanyiva, alikuwa na desturi ya kumwacha mtu ajaze mdomo ndipo ampe habari.

"Kaveke amepoteza watoto watatu wa mbuzi mwezi huu," alisema. "Wa mwisho alichukuliwa mbele ya macho yake, hapo uani. Ndege mkubwa, mweupe. Alikuwa hajui ni ndege gani. Sasa anajua. Jana alienda moja kwa moja kwa Munyao."

Munyao alikuwa mwenyekiti wa wafugaji wa kijiji chao, mtu wa maneno machache na mbuzi arobaini.

"Munyao akasemaje?"

"Jumatatu asubuhi wanaweka nyama pale chini ya mgunga. Na dawa ndani yake."

Punje za mahindi zilimpitia Kisilu mahali pasipopaswa kupita. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Kanyiva akampiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Kule kiotani kulikuwa na kinda. Kisilu alikuwa hajamwambia mtu. Wiki tano alikuwa akikitazama kichwa chake cha manyoya ya kijivu kikichungulia kati ya vijiti, na wazazi wakipokezana zamu. Kitu kingine pia alikuwa hajamwambia mtu. Alipolikabidhi greda baada ya miaka thelathini na moja, asubuhi zilikuwa zimekuwa ndefu na hazina kazi, mpaka aliposikia ule mwito ukitoka mtoni, akajua anapokwenda.

Alinawa mikono akaenda kwa Kaveke bila kumaliza chakula. Akamkuta akichota maji ya mbuzi.

"Kaveke, nimekuja kukuambia ukweli. Ile habari ya beberu ni uongo."

"Najua."

"Unajua?"

"Nani asiyejua? Beberu, kengele, watu wa Makueni na viatu. Mimi si mjinga." Akamwaga maji kwenye karai. "Lakini watoto wangu watatu si uongo. Wewe ulitia chumvi tu, Kisilu. Nyama ilikuwepo."

"Yule ndege hali mbuzi. Anakula samaki. Na tena si wa Marekani."

Kaveke alimtazama kama mtu anayetazama paa linalovuja. "Miaka minne ni wa Marekani. Leo, nikitaka kumuua, si wa Marekani. Kesho utaniambia si ndege."

"Njoo umwangalie mwenyewe. Siku moja tu. Kesho Jumamosi, kutoka jua likichomoza mpaka shaka ikuishe. Ukimwona amegusa kitu chenye kwato, mimi mwenyewe nitambebea Munyao ile nyama."

Kaveke akafikiri. Mbuzi wakanywa.

"Na nani atalinda mbuzi wangu?"

"Irungu ana kijana wa—"

"Sitaki kijana wa Irungu. Nitawafungia. Lakini Kisilu, ukianza hadithi moja tu, narudi nyumbani."

Kanyiva aliposikia mpango huo aliweka mwiko chini. "Mume wangu na mjane, siku nzima vichakani, halafu jioni mniambie mlikuwa mnaangalia ndege?" Akachukua kiondo alichokuwa akikisuka, akakitia ndani ya mfuko pamoja na viazi vitamu. "Twende."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi, jua likiwa bado jekundu, watu watatu wa makamo walikuwa wamekaa juu ya mwamba kando ya Athi, mbali na maji kwa sababu ya mamba, mbele yao mgunga na kiota kikubwa kama mzigo wa kuni uliosahauliwa juu ya mti.

"Sasa," Kanyiva alisema huku akisuka, "leo husemi kitu ambacho sisi wote hatukioni."

Hiyo ilikuwa adhabu kali kuliko alivyodhani. Kwa saa mbili ndege alikaa juu ya tawi, hakufanya jambo lolote. Alijichokonoa kwapa. Akatazama maji. Akajichokonoa kwapa lile jingine. Kisilu alikuwa na mambo sita ya kueleza kuhusu ndege huyo, na mambo yote sita yalikuwa ya kubuni, akayameza moja moja.

"Huyu ndiye alibeba beberu?" Kaveke aliuliza mwishowe. "Hata mwenyewe hajibebi."

Karibu na saa nne ndege alirudisha kichwa nyuma mpaka kikagusa mgongo, akaita. Mwenzake akajibu kutoka ng'ambo. Kaveke alishika kifua. "Hii sauti naisikia kila siku! Nilifikiri ni watoto wa shule."

Kisha yule wa ng'ambo akaruka. Hakupiga mbio. Alishuka tu, mabawa wazi, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake, akainamisha miguu, akachanja maji mara moja. Alipoinuka alikuwa na kambare anayejipinda kuchani. Akampeleka kiotani, na kile kichwa cha kijivu kikachomoza kikafungua mdomo.

"Ana mtoto," Kanyiva alisema, na mikono yake ikasimama kwenye kiondo.

"Umeona?" Kisilu alinong'ona. "Samaki!"

"Nimeona," Kaveke alijibu. "Na mimi jana nilikula maharagwe. Leo nikipata nyama sitaila?" Akasimama akapangusa leso. "Twende chini ya mti. Mla nyama hawezi kuficha mifupa."

Kisilu alianza kuinuka kwa furaha, maana alizijua taka za chini ya mgunga ule: mafuvu ya kambare, magamba, miiba ya samaki iliyokauka. Alipofika nusu ya kuinuka akakumbuka jambo jingine, akakaa tena.

"Pale kuna siafu," alisema.

"Tunaona siafu?" Kanyiva aliuliza.

"Hapana."

"Basi twende."

Palikuwa na mafuvu ya kambare, magamba, na miiba. Kaveke aliyageuza kwa kijiti, moja baada ya jingine, kama mtu anayechambua mboga. Ndipo kijiti kikagonga chuma. Akainama, akaokota kengele ya mbuzi, imeshika kutu, ulimi wake bado unalia.

Ngiri, ilisema kengele.

"Samaki mwenye kengele," Kaveke alisema taratibu. "Kisilu. Kumbe siku ile ulikuwa unasema kweli."

Hapo Kisilu aligundua kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kushtakiwa kwa kosa hilo. Alifungua mdomo, lakini Kanyiva alikuwa amekwisha kuichukua kengele. Aliigeuza, akaikwangua kwa ukucha mahali ambapo palifungwa kwa waya wa bluu.

"Huu waya ni mimi niliufunga," alisema. "Hii ni kengele ya Meja."

"Meja ni nani?"

"Beberu wetu. Tulimuuza soko la Mutomo mwaka juzi, mzima, anapiga watu pembe. Mnunuzi alitaka kengele, nikaitafuta nyumba nzima. Nikamsingizia shemeji yangu. Mpaka leo hatusalimiani vizuri." Akamgeukia mumewe. Aliongea kwa upole, na hilo ndilo lililotisha. "Baba Mbithe. Kengele ya Meja ilifikaje hapa?"

Kisilu aliangalia juu, ambako furukombe naye alikuwa akimwangalia.

"Irungu alikuwa na wageni," alisema. "Kutoka Nairobi. Walitaka kuona mahali beberu alipobebwa. Nikaona... mtu akija kutoka mbali hivyo, arudi bila kuona kitu?"

"Ukaweka ushahidi."

"Kengele tu. Nilitaka kuweka na pembe, lakini niliona nitazidisha."

Kanyiva alifunika uso kwa kiondo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Lakini Kaveke hakutikisika. Alikitupa kile kijiti.

"Unacheka, Kanyiva? Mimi sina la kucheka. Huyu amedanganya akaongeza ushahidi wa uongo, halafu ananiambia nimwamini. Nitaamini nini? Mifupa pia labda alileta kutoka kwa muuza samaki." Akaanza kuupanda ukingo. "Jumatatu waje na nyama yao."

Kisilu alitaka kumfuata kwa maneno. Alikuwa nayo mengi, hajawahi kuyakosa. Lakini kila neno aliloligusa kichwani lilikuwa na doa la neno la jana. Ikabidi afanye kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. Aliuliza swali, akanyamaza asubiri jibu.

"Kaveke, yule ndege wa uani kwako. Wewe ulimwona jinsi gani?"

Kaveke alisimama bila kugeuka. "Kwani wewe hujui? Si unajua kila kitu."

"Sijui. Mimi sikuwepo. Wewe ndiye ulimwona."

Hapo akageuka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Munyao hakuuliza, alitosheka na neno mweupe.

"Nilimwona kutoka hapa mpaka kwenye ule mwamba," alisema. "Nilitoka na ufagio. Alikuwa amesimama juu ya mtoto wa mbuzi, amemkanyaga. Akanitazama hivi, na macho ya manjano. Akaruka naye kwa shida, akapita juu yangu. Tumbo jeupe, na vidoadoa kama gunia lililomwagikiwa na wino."

"Na kichwa?"

Akafumba macho. "Kichwa... cheusi-cheusi. Kama kahawa. Na kifua pia."

"Na miguu?"

"Hiyo siwezi kusahau. Alikuwa na suruali."

"Suruali?"

"Manyoya, Kisilu! Meupe, mpaka kwenye vidole, kama mtu aliyevaa suruali ya kulalia. Kucha tu ndizo zilikuwa nje, na zilikuwa kwenye shingo ya mtoto wangu."

Kisilu alivua kamba ya darubini shingoni, akampa. Furukombe wa kiume alikuwa ameshuka kwenye kisiki kilichokufa, si mbali, akipangusa mdomo kwenye mti, kushoto, kulia. Kaveke aliishika darubini kinyume kwanza, akauona mto ukiwa mbali kama Mombasa, akaigeuza. Alitazama kichwa. Akatazama kifua, na lile tumbo jekundu. Akaishusha darubini pole pole mpaka kwenye kisiki, akaiacha hapo muda mrefu.

"Yuko miguu mitupu," alisema. "Ya njano. Kama kuku."

Akaendelea kutazama.

"Huyu si yeye."

"Si yeye," Kisilu alikubali, akakaa juu ya mafuvu ya kambare.

"Basi wangu ni nani?"

"Ni tai mwingine. Wa nyikani, mkubwa kuliko huyu. Sungura, kanga, paa, mbuzi wachanga, hao ndio chakula chake. Hakai mtoni."

"Basi huyo ndiye apewe nyama."

Kanyiva ndiye aliyejibu, macho bado yamelowa kwa kicheko. "Mwaitu, nyama haiulizi nani ana suruali. Atakula huyu, atakula fisi, atakula mbwa wako. Watoto wa mbuzi wafunikwe. Zizi lako halina paa, limezibwa pembeni tu kwa sababu ya fisi. Liezekwe kwa miiba mpaka wawe wakubwa."

"Na nani ataezeka?"

Wanawake wawili wakamtazama Kisilu.

"Jumatatu nita—"

"Leo," Kaveke alisema.

Alirudi nyumbani jua likizama, mikono imechanjwa na miiba kutoka vidole mpaka viwiko, na zizi la Kaveke lina paa.

Lakini Munyao alikuwa ameondoka tangu asubuhi kwenda Wote kwenye harusi ya mpwa wake, na simu yake ilikuwa ya wale wanaoizima ili kutunza chaji. Kwa hiyo Jumapili, kanisani, wakati wa ushuhuda ulipofika, Kisilu alisimama. Pale kwao ushuhuda ni wa kusimulia Bwana amekutoa wapi. Watu walijisogeza mbele kwenye viti, maana Kisilu hakuwa amewahi kutoa ushuhuda usiokuwa na simba.

"Wapendwa," alisema, "yule tai si wa Marekani. Hakubeba beberu. Mimi ndiye niliyeweka kengele. Anakula samaki peke yake, na ana mtoto, na naomba asiuawe."

Benchi la wazee likaanza kutetemeka, kisha la akina mama, mpaka pasta akatoa kitambaa akajifuta macho. "Ndugu Kisilu," alisema, "hii ndiyo kali kuliko zote." Wakampigia makofi. Kisilu alisimama pale katikati, mkweli kwa mara ya kwanza tangu ubatizo, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.

Ndipo Kaveke aliposimama. Yeye hakuwa mtu wa ushuhuda. Wengine hawakuwa wameisikia sauti yake humo ndani tangu mazishi ya mumewe.

"Watoto watatu walioliwa ni wangu," alisema. "Na mimi nimekwenda nimeona. Wa mtoni hana suruali." Akakaa.

Hapo hakuna aliyecheka. Lakini Munyao hakuwepo, na nyama ilikuwa kwa Munyao.

Jumatatu Kisilu alifika kwenye mgunga kabla ya ukungu kuondoka majini. Alikuwa amekimbia sehemu ya njia, jambo ambalo dereva wa greda huliacha akiwa na miaka ishirini. Munyao alikuwa amekwisha kufika. Alikaa juu ya mwamba ule ule, amevaa bado koti la harusi, na kando yake ndoo ya plastiki iliyofunikwa na mfuniko.

"Munyao."

"Kisilu."

Kisilu akaangalia ndoo. Mfuniko ulikuwa umebana. Akatoa pumzi.

"Kaveke alikuja kwangu usiku," Munyao alisema. "Akaniambia mambo ya suruali. Mke wangu akaniambia mambo ya kanisani. Lakini mimi nina mbuzi arobaini, na Kaveke ni macho mawili." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kitu."

Kisilu akampa darubini. Maneno yalijaa mdomoni mwake: mdomo wenye ncha nyeusi, kifua cheupe, kinda, mwito, yote. Kama angetamka moja, yangefuata yote, na la tano au la sita lingekuwa na kengele shingoni. Akauma ulimi. Mtu mwenyewe ana macho, aone.

Waliketi hivyo. Jua likapanda. Mbu wakala wakashiba. Furukombe wa kike aliita, na Munyao akashtuka kidogo, akajifanya anarekebisha koti. Kinda alisimama ukingoni mwa kiota, akatandaza mabawa yake ya kahawia yasiyo na mpango, akayapiga mara nne, akaanguka kifudifudi ndani ya kiota. Munyao alitoa sauti ndogo puani. Ilikuwa karibu kicheko.

Dume alileta samaki. Munyao akamfuata kwa darubini kutoka majini mpaka juu, akaganda kwenye miguu, akahesabu kucha kama anayehesabu mifugo jioni.

"Samaki," alisema.

"Mm," Kisilu alisema.

"Miguu mitupu."

"Mm."

Munyao alishusha darubini, akaitazama ndoo. Kisha akamtazama Kisilu, juu mpaka chini, na mikono yake yenye mikwaruzo.

"Hii nyama haiwezi kurudi nyumbani. Wala haiwezi kutupwa mtoni."

"Haiwezi."

"Inataka shimo. Refu, fisi asifukue. Na mawe juu."

"Ni kweli."

"Miaka thelathini na moja ulichimba barabara," Munyao alisema, akivuta jembe kutoka nyuma ya mwamba. Kumbe alikuja nalo. "Chimba pale, mbali na maji."

Ardhi ya pale ni ngumu kama deni la mkwe. Kisilu alivua shati akachimba, jasho linamwingia kwenye mikwaruzo, na Munyao hakushika jembe hata kidogo. Alikuwa ameshika darubini. Shimo lilipomfika kiunoni, sauti ya Munyao ikashuka kutoka juu ya mwamba, imechangamka kuliko alivyowahi kuisikia.

"Kisilu! Wee! Amemkamata nyoka! Nyoka mkubwa! Anamla mzima mzima!"

Kisilu aliegemea jembe. Nyoka. Nyoka mzuri, mrefu, anayejiviringisha kwenye shingo ya furukombe juu ya Mto Athi mbele ya mashahidi wawili. Akajiona kabisa ameketi na hadithi ya nyoka huyo kwenye hoteli ya Irungu. Akachungulia nje ya shimo, akakinga jua kwa mkono, akatazama kiotani kwa muda.

"Ni kambare, Munyao," alisema kwa huzuni. "Umeona mkia tu."

Akarudi kuchimba.